Fedha za mradi mmoja zimelipa mishahara ya mwingine, na wakaguzi wanakuja

BARUA

Mpendwa Mshauri,

Habari za kazi. Nimesoma safu yako miaka mingi, tena nasoma zaidi matatizo ya ndoa za watu. Sikutegemea siku moja nikuandikie kuhusu daftari la hesabu.

Mimi ni mratibu wa shirika dogo la afya ya jamii. Tulilianzisha wanawake watatu miaka 11 iliyopita. Kila mmoja wetu alikuwa ametoka kuuguza mtu wake nyumbani, na wote tulikuwa tumeona jinsi mgonjwa anavyoruhusiwa kutoka hospitali na karatasi ya dawa mkononi, halafu basi, hakuna wa kumfuata. Mwenzetu mmoja alishahamia mbali, tumebaki mimi na M. Leo tuna waajiriwa 7 na wahudumu wa kujitolea 64. Wanawatembelea wagonjwa wa kifua kikuu na wanaoishi na VVU, wanahakikisha dawa zinamezwa, wanapima watoto uzito, wanawasindikiza wajawazito kliniki.

M. ndiye mweka hazina. Cheti cha uhasibu hana, lakini katika miaka yote hiyo sijawahi kumwona akipoteza risiti. Huandika kila kitu kwenye daftari kubwa lenye jalada jeusi, na mwisho wa mwezi kijana wetu wa ofisini huhamishia kwenye kompyuta. Kompyuta yenyewe tulipewa ikiwa imeshatumika. Herufi N haitoki mpaka uibonyeze kwa ukucha.

Miezi miwili iliyopita tuliitwa na shirika kubwa, lile linalopokea fedha za wafadhili wa kimataifa na kuzigawa kwa mashirika kama letu. Wanataka tuwe wapokeaji wadogo kwenye mradi wa miaka 3. Bajeti yake ya mwaka mmoja ni mara 6 ya bajeti yetu nzima. M. alilia kwa furaha, na mimi nililia.

Baadaye nikasoma masharti. Gharama za utawala ni asilimia 7. Robo ya kwanza watatupa fedha mkononi, baada ya hapo tutatumia zetu kwanza halafu watarejesha kwa risiti. Tutapimwa kwa idadi ya watu waliopimwa VVU na kifua kikuu. Ziara za nyumbani, ambazo ndizo sisi, hazimo kwenye hesabu. Na kabla ya kusaini, wataalamu wao watakuja kutathmini uwezo wetu kwa fomu ya kurasa 38 ambamo kila kipengele kinapakwa kijani, njano au nyekundu. Wamesema kama tuna upungufu tusijali, watatujengea uwezo: semina ya siku 5. Mshauri, kwenye droo yangu nina vyeti 14 vya semina za usimamizi wa fedha za miradi. Vyote vinasema nimehitimu.

Sasa nifike kwenye kinachoninyima usingizi. Mwaka jana mfadhili wetu mmoja alichelewesha fungu lake miezi 4. Waajiriwa walikuwa hawajalipwa, mmoja ana mtoto mgonjwa. Kwenye akaunti kulikuwa na fedha za mradi mwingine, wa akina mama na watoto wachanga. Mimi na M. tuliketi jioni moja tukakubaliana: tukope humo, fungu likija tunarudisha. Fungu lilikuja pungufu kwa sababu ya tofauti ya kubadilisha fedha. Tumerudisha theluthi mbili. Theluthi moja bado, na ripoti ya mradi wa akina mama nilishaituma bila kulitaja hilo. M. aliandika mkopo huo pembeni mwa ukurasa wa daftari, kwa penseli.

M. anasema tusaini haraka, fungu la kwanza la mradi mpya litaziba shimo na hakuna atakayejua. Mwenyekiti wetu wa bodi, ambaye ni shemeji yake M., anasema nirudishe kimya kimya na nisimwambie mtu. Mimi nafikiria kumwandikia mfadhili wa mradi wa akina mama nimweleze ukweli, lakini naogopa. Akikasirika tunapoteza mradi wake. Habari zikifika kwa shirika kubwa, tunapoteza na huo. Wale 64 nitawaambia nini?

Juu ya yote, nimeshadokezwa kwamba tathmini itataka tuajiri mhasibu mwenye cheti. Nilipomgusia M., alinyamaza, halafu akasema: “Mimi nilikuwa mhasibu wenu mlipokuwa hamna cha kuhesabu.” Tangu siku hiyo tunasalimiana kama majirani.

Wanakuja baada ya wiki 5. Nifanye nini?

Wako,
Nisiyelala

JIBU

Mpendwa Nisiyelala,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu. Niseme mapema kwamba meza unayoiogopa nimeketi pande zake zote mbili. Niliwahi kuwa mhasibu wa shirika dogo kuliko lenu, na miaka kadhaa baadaye nikawa mmoja wa wale wanaobisha hodi na fomu ndefu. Nitakayosema yana aibu kidogo ya kila upande.

Nikikuelewa sawasawa, umeniletea mambo matatu kwenye furushi moja: deni ambalo mfadhili hajui analidai, ruzuku kubwa inayowatamanisha na kuwatisha, na rafiki wa miaka 11 ambaye siku hizi mnasalimiana kama majirani. Yameonekana jambo moja kwa sababu wakaguzi wanakuja siku moja. Naomba tulifungue furushi.

Tuanze na deni. Hukujiita mwizi kwenye barua, lakini ndivyo unavyojisikia, kila sentensi inaonyesha. Hukuiba. Hata hivyo sitakupooza zaidi ya hapo, maana fedha za ruzuku zina jina. Yule mfadhili hakulipa shirika lenu fedha za matumizi, alilipia akina mama na watoto wachanga, na mikataba mingi inasema hivyo bila kumung’unya maneno. Uliazima kitu cha watu hao bila kuwauliza, kwa sababu ambayo binadamu yeyote angeielewa. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na nadhani usingizi unakukimbia kwa sababu kila siku unajaribu kuchagua moja.

Ila nina swali. Umesema shimo limetokana na fungu kuchelewa na fedha kupungua kwenye kubadilishwa. Una uhakika ndiyo chanzo? Mimi nahisi kuchelewa kulifunua tu kilichokuwepo. Shirika lenye umri wa miaka 11 halikuwa na akiba ya kulipa mishahara ya watu 7 hata mwezi mmoja, nawe sikusikii ukilishangaa hilo. Umelizoea.

Fanya zoezi hili kabla ya kumwandikia mtu yeyote. Chukua mradi mmoja uliokwisha, andika kwenye karatasi kila kilichouwezesha kusimama ambacho hakikuwa kwenye bajeti yake. Pango la ofisi. Umeme. Ukaguzi wa hesabu wa mwaka. Usiku uliokesha ukiandika ripoti ya robo mwaka. Saa za M. Vocha za simu ambazo wahudumu hujinunulia ili wakupigie mgonjwa anapozidiwa. Zigeuze zote kuwa fedha, kisha ulinganishe na kile ulichopewa kwa jina la utawala. Sijawahi kukaa na shirika dogo likafanya hesabu hii kwa uaminifu, halafu likaona 7 katika 100 zinatosha. Kinachobaki hulipwa na mtu fulani. Kwenu kwa miaka 11 kimelipwa na wewe, M. na wahudumu, na mwaka jana, bila ridhaa yao, kililipwa na akina mama wenye watoto wachanga.

Kwa hiyo ile asilimia 7 usiipokee kama hali ya hewa. Wafadhili hawafanani. Kanuni za ruzuku za serikali ya Marekani, kwa mfano, zilikuwa zinamruhusu asiye na kiwango cha utawala alichojadiliana nao kutoza asilimia 10 ya gharama za moja kwa moja, kwa namna wanavyozipigia hesabu, na kuanzia Oktoba 2024 kiwango hicho kikapandishwa hadi 15. Kwa kawaida anayegawa fedha hizo hatakiwi kumlazimisha mpokeaji mdogo achukue chini ya hapo. Wapo wafadhili wengine wenye viwango vyao, vya juu au vya chini. Uliza fedha hizi zinatoka wapi na mfadhili mwenyewe ameruhusu asilimia ngapi. Wakati mwingine mfadhili ametoa zaidi, na tofauti imebaki ghorofa ya juu. Si lazima iwe hila. Nao wana pango.

Sasa njoo kwenye sharti ambalo barua yako imelipita kwa haraka, nami nilipolifikia niliweka kalamu chini: kutumia kwanza, kurejeshewa baadaye. Umesema mradi ni mara 6 ya bajeti yenu ya mwaka. Basi robo moja ya mwaka ni mara moja na nusu ya kila kitu mnachotumia kwa miezi 12. Kuanzia robo ya pili mtatakiwa kuwa na kiasi hicho mfukoni, mkitumie, mkusanye risiti, mpeleke, mngoje zihakikiwe, zingine zirudishwe kwa kukosa saini, ndipo mlipwe. Na wakati mnangoja, robo ya tatu imeshaanza. Ndugu yangu, ninyi mliyumba kwa fungu moja kuchelewa miezi 4. Hapa kuchelewa kumeandikwa ndani ya mkataba.

Tena si hofu ya kufikirika. Januari 2025, serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje kwa ghafla, mashirika mengi yalibaki yanadai fedha za kazi waliyokwisha kuifanya, na kufikia Julai 1 mwaka huohuo USAID, shirika lake la misaada, ilikuwa imeacha kuendesha miradi. Yaliyokuwa na chanzo kimoja kikubwa yalifunga milango wagonjwa wakiwa kwenye foleni. Sikutajii hayo ili ukimbie fedha kubwa. Fedha kubwa hufika mahali ambapo michango haifiki, na katika mapambano na VVU zimeokoa maisha ya watu ambao mimi na wewe tunawajua kwa majina. Nataka tu uone kwamba hicho kinachoitwa kukua kinaweza kuwa kubebeshwa mzigo wa mtu mwingine kwa fedha ambayo huna.

Utasema, nani mimi wa kujadiliana na wakubwa? Lakini angalia mwanzo wa barua yako: waliita wao. Wanaogawa fedha wana malengo yao ya kutimiza na mfadhili wao wa kumjibu, na milango 64 ya wahudumu wenu hawawezi kuinunua sokoni. Unaweza kuomba fedha za kutangulizwa kila robo, mkiripoti nusu yake ndipo inayofuata itoke. Unaweza kuomba muanze na eneo dogo mwaka wa kwanza, labda theluthi ya wanachotaka, kisha mpande. Unaweza kuomba mshahara wa mhasibu uingie kwenye bajeti ya mradi moja kwa moja, na ziara za nyumbani ziwe mojawapo ya vitu vinavyohesabiwa, kwa sababu mtu aliyepimwa akakutwa na ugonjwa halafu hakufuatwa atageuka namba mbaya kwenye ripoti yao pia. Wanaweza kukataa yote, au kumwita mwingine asiyeuliza maswali. Hatari hiyo ipo na sitaificha. Ila jibu lao litakuambia mtakuwa mnafanya kazi na nani kwa miaka 3.

Kuhusu kuanza kidogo, nakumbuka sana habari za BRAC, shirika la maendeleo la Bangladesh. Walipoanza kuwafundisha kina mama nyumba kwa nyumba kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, walijaribu kwanza sehemu moja, wakagundua kina mama wengi wanajua somo lakini hawalitumii. Walisimama wakauliza kwa nini. Sehemu ya jibu ilikuwa kwamba baadhi ya wahudumu wenyewe, wakiharisha, walikuwa wanameza vidonge. Dawa waliyoihubiri hawakuiamini. Walirekebisha, na kuanzia 1980 wakatumia kama miaka 10 kufikia nyumba zaidi ya milioni 12. Wangeanza na lengo la robo mwaka mezani, sijui nani angepata nafasi ya kuuliza.

Hapo niseme kidogo juu ya wale 64. Unawaza utawaambia nini mradi ukikosekana. Je, umewaza utawaambia nini ukipatikana? Kazi itaongezeka, itakuwa ya kuhesabiwa vichwa, na kwenye barua yako sijaona mstari wa malipo yao. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018 unapendekeza wahudumu wa afya ya jamii walipwe kulingana na uzito wa kazi, saa zao, mafunzo na majukumu, na unashauri malipo yasitegemee tu, wala zaidi, utimizaji wa malengo. Ukiupeleka mwongozo huo kwenye mazungumzo, huombi huruma.

Nirudi kwenye fomu ya kurasa 38. Wewe unaiona kama mtihani wa kama mnastahili kuwepo. Mimi niliyeijaza nakuambia inapima kitu chembamba zaidi: je, mtu asiyewajua akija miaka mitatu baadaye, anaweza kufuata senti moja kutoka benki hadi mikononi mwa mgonjwa? Si kitu kidogo hicho. Ni fedha za watu, na zimewahi kuliwa na watu wenye nyuso nzuri kama zetu. Lakini haipimi kama mgonjwa atamfungulia mlango mhudumu wako. Na rangi nyekundu mara nyingi si kukataliwa. Huwa ni masharti ya ziada: ripoti kila mwezi badala ya kila robo, ukaguzi wa karibu, muda wa kurekebisha.

Kuhusu semina yao ya siku 5 nitacheka kidogo pamoja nawe. Neno kujenga uwezo limechoka. Kila mtu anajengewa, na nyumba haionekani. Vyeti vyako 14 vinathibitisha kwamba ujuzi si pengo lenu. Kinachokosekana ni mtu wa kulipwa kuufanyia kazi, na fedha isiyo na jina ya kukaa benki kwa siku mbaya. Wapo wafadhili walioliona hilo. Ford Foundation, wakfu wa Marekani, kwa mfano, ilianzisha mwaka 2016 mpango iliouita BUILD, wa dola bilioni 1, ikayapa mashirika fedha za miaka kadhaa zisizobanwa na mradi pamoja na fungu la kuimarisha taasisi yenyewe. Sikutumi huko. Natamani tu uwaambie wageni wako kwa upole: semina asante, badala yake mtulipie mhasibu miezi 24 na kompyuta ambayo herufi N inatoka.

Sasa ukweli na mfadhili wa akina mama. Naona njia tatu, na hakuna hata moja iliyo safi.

Kukaa kimya na kurudisha taratibu, kama asemavyo mwenyekiti. Huenda ikapita. Ila watathmini huomba taarifa za benki za miezi 12, na jicho letu lilikuwa linakwenda moja kwa moja kwenye uhamisho wa kiasi cha duara, kisicho na senti, kutoka fungu moja kwenda jingine. Tuliliuliza hilo kabla hatujaketi. Likigunduliwa hivyo, halitakuwa tena deni la dharura, litakuwa jambo lililofichwa, na ripoti uliyotuma itasomwa upya kwa macho mengine.

Kuziba kwa fungu la mradi mpya, kama anavyotaka M. Hapa nikuombe mkae mtazame kwa makini mnachopendekeza. Deni halizibwi, linahamia. Litaondoka kwa mfadhili mdogo anayewajua kwa miaka na kukaa kwenye mkataba mpya, wenye wakaguzi wa kazi hiyo, wiki ya kwanza ya uhusiano. Na robo inayofuata ni ya kurejeshewa, ambapo kila risiti inatazamwa.

Kumwambia. Kabla ya kuamua, soma mkataba wake, kifungu cha matumizi yasiyoruhusiwa. Baadhi ya mikataba inakutaka utoe taarifa mara moja, na ukikuta hivyo, swali la kusema au kutosema limeshajibiwa na karatasi uliyosaini. Wengine huacha nafasi. Kama utaandika, ukurasa mmoja unatosha: kiasi, tarehe, sababu, kilichorudishwa, kilichobaki na kitarudi lini, ripoti ipi unaisahihisha, na kitu gani kimebadilika ili kisirudie. Huyo wa kuchelewesha fungu mtaje kama tukio, usimsukumie lawama. Kinachoweza kufuata: anaweza kudai vyote kwa mkupuo, anaweza kusimamisha fungu lijalo, anaweza kuwaambia wenzake, maana wafadhili huongea. Anaweza pia kuwapa ratiba na kuwashukuru. Nimeona yote hayo, na sikuweza kutabiri nani atafanya lipi. Wale waliotufikia kabla hatujawafikia niliwaandika tofauti kwenye ripoti yangu, hilo naweza kukuambia kwa uhakika, kwa sababu mwandishi nilikuwa mimi.

Kuna na mlango wa pembeni: kuwaomba shirika kubwa wasogeze tathmini miezi miwili. Watu huogopa kuomba hivyo wakidhani ni kukiri udhaifu. Mara nyingi ratiba yao wenyewe imechelewa na watakushukuru moyoni.

Lolote mtakalofanya, lisiwe la watu wawili wa jioni ile. Bodi iketi kweli, iandike kwenye kumbukumbu za kikao kwamba imejua na imeamua nini. Na mwenyekiti ambaye ni shemeji wa mweka hazina asiongoze ajenda hiyo. Simtuhumu. Ushauri wake unaweza kuwa wa mtu anayemlinda ndugu, na hawezi kuwa hakimu na shemeji kwenye kiti kimoja.

Hapo tumefika kwa M.

Umeandika kana kwamba kuna mambo mawili tu, abaki au aondoke. Lakini M. amekuwa akifanya kazi mbili kwa jina moja. Mweka hazina ni mtu wa bodi, anayesimamia. Mhasibu ni mwajiriwa, anayeandika. Kwenu mtu mmoja anapokea, anaandika, na mwisho wa mwezi analinganisha daftari na benki. Fomu itapaka nyekundu hapo, na safari hii fomu ina haki, tena kwa faida yake M. Siku fedha zikipungua, hata kwa kosa la benki, hana shahidi. Mhasibu mwenye cheti akija, kuna atakayehitaji kumwonyesha kwa nini hati fulani ya malipo ina saini ya dole gumba, na mhudumu yupi hudai nauli pungufu kwa kuona haya. Kama M. atataka kiti cha mweka hazina kisicho cha kuandika, au cha kusimamia wahudumu, au kupumzika kwa heshima, mimi siwezi kujua, nawe hujamuuliza. Ulimgusia. Kumgusia mtu habari za kazi yake ya miaka 11 ni kama kumwacha asikie mlangoni.

Naye hakukujibu kuhusu cheti. Alikukumbusha alikuwepo.

Ile penseli imenikaa kichwani tangu niisome. Mtu anayetaka kuficha haandiki kabisa. Anayetaka kukiri huandika kwa kalamu. M. aliandika pembeni, kwa kitu kinachofutika, na miezi yote hii hakukifuta. Kabla hujamwandikia mfadhili, kabla ya bodi, kabla ya kufungua fomu, nenda kwake na daftari lile jeusi, mfungue ukurasa huo, umuulize alikuwa anangoja nini. Muulize mkiwa wawili.

Ukishamsikia, niandikie tena.

Mshauri wako